Flashi ya Mkebeni Hukaa Miaka Mingapi?

Mama mmoja alipanda ngazi hadi kibandani kwangu, ghorofa ya tatu katika jengo lililo karibu na barabara ya Luthuli. Akakaa kwanza, akapumua, kisha akafungua mkoba. Ndani ya mkoba leso, ndani ya leso mfuko wa nailoni, na ndani ya nailoni flashi nyeusi isiyo na kifuniko.

"Fundi, nimeambiwa wewe unaweza kuifungua hii."

Flashi hiyo ilikuwa imekaa kwenye mkebe wa biskuti tangu 2013, pamoja na hatimiliki ya shamba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndani yake mlikuwa na video moja tu aliyoihitaji: mkutano wa familia kule Murang'a, babake akiwa hai, akieleza shamba litagawanywa vipi na mpaka utapita wapi. Sasa ndugu hawaelewani, chifu amewaita, na yeye ameshasema mbele ya watu kwamba ushahidi anao.

Nikaichomeka. Kompyuta ikaitambua, folda ikafunguka, jina la faili likatokea. Mama akashusha pumzi. Video ikaanza: mzee ameketi chini ya mparachichi, fimbo mkononi, kuku wanapita nyuma yake. Ilipofika dakika ya 11 picha ikaganda, ikapasuka vipande vya kijani na zambarau, programu ikajifunga.

"Lakini sijaigusa!" akasema. "Tangu siku ile sijaigusa hata mara moja."

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara husemwa kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Wengi wetu tunaamini kifaa cha kuhifadhia data huchakaa kwa kutumika, kama soli ya kiatu, na kwamba ukikifungia kabatini umekiepusha na uzee. Kwa flashi, imani hiyo ni nusu tu ya mambo. Ni kweli flashi huchoka kwa kuandikwaandikwa. Lakini pia husahau kwa kuachwa.

Swali ninaloulizwa karibu kila siku, "hii inakaa miaka mingapi?", ni maswali kadhaa yaliyofungwa kamba moja. Kifaa chenyewe kitaamka siku ukikitaka? Kikiamka, yale yaliyoandikwa ndani bado yapo? Na yakiwepo, utapata wapi mashine ya kuyasoma? Namba iliyochapishwa kwenye pakiti kwa kawaida hujibu swali moja tu, na mara nyingi si lile lililokuleta dukani.

Mtungi wenye alama 16

Kumbukumbu ya aina ya flashi ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi Toshiba miaka ya 1980. Ndani ya chipu moja kuna mabilioni ya seli, na kila seli ni kijichumba cha kufungia elektroni. Kuta zake ni nyembamba mno na hazipitishi umeme. Ukiandika kitu, volteji kubwa huzisukuma elektroni zipenye ukuta na kuingia. Volteji ikiondoka, zinanaswa humo. Ukisoma, chipu hupima chaji iliyomo ni kiasi gani. Ndiyo sababu flashi haihitaji betri ili ikumbuke.

Sasa chukua mtungi wa lita 20, ule wa manjano ambao kila nyumba hapa Nairobi inao kwa ajili ya siku za mgao wa maji. Katika chipu za mwanzo, seli moja ilibeba biti moja: mtungi una maji au hauna. Hata ukivuja miezi mingapi, ukiuchungulia utajua jibu. Lakini watu walitaka nafasi kubwa kwa bei ndogo, kwa hiyo watengenezaji wakaanza kuchora alama kwenye mtungi uleule. Biti mbili kwa seli zinahitaji viwango 4 vya maji. Biti tatu, viwango 8. Biti nne, ambazo ndizo unazozipata katika vifaa vingi vya bei nafuu, viwango 16. Hapo maji yakishuka kidogo tu, alama ya tisa inasomeka kama ya nane, na data yako imebadilika bila mtu kuigusa.

Na mtungi huvuja. Elektroni hupenya ukuta mojamoja, polepole, miaka nenda miaka rudi. Kinachoharakisha uvujaji ni mambo mawili. La kwanza ni uchakavu: kila unapofuta na kuandika upya, ukuta unajeruhiwa. Seli za biti moja huvumilia takriban mizunguko 100,000. Za biti tatu kwa kawaida ni kati ya 1,000 na 3,000, na za biti nne ni 1,000 hivi au pungufu. La pili ni joto. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, joto la mahali pa kuhifadhia likipanda nyuzi 5 za Selsiasi, muda wa data kukaa salama hupungua karibu kwa nusu. Flashi iliyosahauliwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani kutwa nzima haiishi mwaka uleule na ile iliyoko kabatini.

Hapo Nairobi tuna bahati. Sisi wa mita 1,800 juu ya bahari tunahifadhi data katika baridi ya bure ambayo mwenzetu wa Mombasa hulazimika kuilipia kwa bili ya stima.

Kuna kiwango kimoja ambacho kimewachanganya watu wengi. Shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki linaloitwa JEDEC linataka SSD (diski ya kompyuta iliyojengwa kwa chipu za flashi) ya matumizi ya kawaida iweze kutunza data kwa mwaka 1 bila umeme, katika nyuzi 30. Kwa SSD za seva ni miezi 3 katika nyuzi 40. Mwaka 2015 habari hiyo ilisambaa mitandaoni ikiwa imekatwa mkia, watu wakaanza kuambiana kwamba SSD ikichomolewa siku chache tu hupoteza kila kitu. Mkia uliokatwa ulikuwa huu: kipimo hicho ni cha SSD iliyokwisha kutumika hadi ukingoni, ambayo tayari imeandikwa kiasi chote ambacho mtengenezaji aliahidi. Ni kama kumpima mzee wa miaka 90 mbio, kisha utangaze kwamba binadamu hukimbia hivyo. SSD mpya iliyoandikwa mara chache hukaa muda mrefu zaidi ya hapo, miaka kadhaa.

Tofauti ya SSD na flashi ya mkufu wa funguo haiko sana kwenye seli. Iko kwenye chipu inayozisimamia. Ya SSD nzuri hugundua makosa na kuyarekebisha, huhamisha data kutoka seli zilizochoka, na huandika upya zile zinazoanza kufifia. Mwaka 2014 watumiaji wa Samsung 840 EVO waliona kwamba faili za zamani zinasomeka polepole mno kuliko mpya. Chaji ilikuwa imeteleza na kifaa kilikuwa kikihangaika kuisoma. Samsung ikatoa programu mpya ya ndani ya kifaa, inayoburudisha data ya zamani. Lakini msimamizi huyo hufanya kazi akiwa na umeme. SSD iliyo kabatini ni ghala ambalo mlinzi ameenda likizo.

Kwa hiyo ushauri unaozunguka wa "ichomeke mara mojamoja ipate umeme" ni sahihi nusu. Kuiwasha tu hakuhakikishi kwamba kila seli imeguswa. Soma faili zote, zinakili kwingine, na ukitaka uhakika ziandike upya.

Kuhusu flashi za barabarani, nina hasira nazo, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Kijana mmoja aliniletea flashi ya "2 TB" aliyoinunua kwa bei ya chakula cha mchana. Nilipoipasua nilikuta kadi ndogo ya memori, ya 16 GB, imebandikwa kwa gundi ndani ya ganda zuri la chuma. Chipu yake ilikuwa imefundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Gigabaiti 16 za kwanza za picha ziliingia kweli. Zilizofuata ziliandikwa juu ya za kwanza au hazikuandikwa popote, huku majina ya faili yakiendelea kuonekana kana kwamba mambo yako shwari. Kuna programu za bure, kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac, zinazojaza flashi yote na kuisoma tena. Ziendeshe siku hiyohiyo uliyoinunua, ukiwa bado unakumbuka duka liko mlango gani.

Hadidiski na miaka 114

Hadidiski ni habari nyingine. Ikifa kabisa, huwa namfungulia mwenye nayo aione: sahani mbili tatu zinazong'aa hadi mtu anaweza kujinyolea ndevu mbele yake, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea kilicho kidogo kuliko punje ya mchele. Sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa hakizigusi, kinaelea juu ya upepo unaoletwa na mzunguko huo, umbali wa nanomita chache tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. (Ndiyo, mwinuko unahusika kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Hadidiski za kawaida huruhusiwa kufanya kazi hadi takriban mita 3,000, kwa hiyo Nairobi hadi Nyahururu hakuna neno. Ukipanda nayo Mlima Kenya ni shauri yako.)

Data humu si chaji inayovuja, ni sumaku. Vijieneo vidogo vya sahani hugeuzwa kuelekea huku au kule, na hukaa hivyo kwa miaka mingi. Kinachokufa mapema ni mashine inayoyasoma: mota, beringi, kichwa, bodi ya umeme. Ndiyo maana kwenye flashi mara nyingi nakuta kifaa kizima kilichosahau, na kwenye hadidiski nakuta kumbukumbu nzima ndani ya mwili uliokufa. Hii ya pili ina matumaini zaidi, ila matumaini yake ni ghali, kwa sababu kubadilisha vichwa hufanywa katika chumba kisicho na vumbi, na kibanda changu kinatazamana na barabara ya matatu.

Ukisikia hadidiski inalia tik, tik, tik, izime. Usiijaribu mara moja ya mwisho. Nimefungua moja ambayo mwenyewe aliijaribu wiki nzima; kichwa kilikuwa kimechora duara kwenye sahani kama sindano ya santuri, na ule unga mweusi uliotapakaa ndani ndio zilizokuwa picha za harusi za watu. Na usiiweke kwenye friza hata kama binamu yako aliona video. Ikitoka humo hutokwa na jasho, na tone moja la maji ni mlima mbele ya kichwa kinachoelea nanomita chache.

Sasa ile namba. Kwenye karatasi za baadhi ya hadidiski utaona imeandikwa saa 1,000,000 za kazi kabla ya hitilafu. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka na utapata miaka 114. Mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, alinionyesha hesabu hiyo akiwa ameipigia mstari, akitaka kujua mbona yake imekufa katika mwaka wa nne.

Mwalimu hakukosea kugawanya. Tatizo ni kwamba namba hiyo haizungumzii hadidiski moja. Inazungumzia umati. Ukiwasha hadidiski 1,000 kwa pamoja, utarajie moja kufa kila baada ya saa 1,000 hivi, yaani karibu siku 42, mradi zote bado ni vijana. Tuseme katika kijiji cha vijana 1,000 wa miaka 20 anafariki mmoja kwa mwaka. Ukiichukua hesabu hiyo kama alivyofanya mwalimu, utatangaza kwamba kijana wa kijiji hicho ataishi miaka 1,000. Hataishi, kwa sababu hatabaki kuwa na miaka 20.

Takwimu zinazonisaidia zaidi ni za watu wenye hadidiski nyingi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayouza nafasi ya kuhifadhia data, imekuwa ikichapisha rekodi za vifo vya hadidiski zake kwa zaidi ya miaka 10. Kwa mwaka, hufa kati ya asilimia 1 na 2 hivi, na katika hesabu yake ya 2013 karibu asilimia 80 zilikuwa zimevuka miaka 4. Google nayo ilichapisha mwaka 2007 utafiti wa hadidiski zaidi ya 100,000. Jambo lililonishangaza humo ni kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote katika viashiria vinne vikuu ambavyo kompyuta huvitazama ili kutabiri kifo. Kompyuta yako ikikuonya, amini. Isipokuonya, usijipe moyo.

Mwenye biashara ayasome haya akikumbuka kwamba Sheria ya Taratibu za Kodi inamtaka atunze rekodi zake kwa miaka 5. Garanti ya hadidiski nyingi za mezani huisha kwa miaka 2 au 3. Na garanti yenyewe, ikija kufanya kazi, hukupa hadidiski mpya iliyo tupu.

Upande usiong'aa

Miaka ya 2000 kila harusi ya Nairobi iliishia kwenye CD au DVD iliyochomwa, yenye picha ya bwana na bibi harusi juu yake. Tukazitunza kwa kuuogopa mkwaruzo wa upande unaong'aa, tukazilaza kifudifudi kwa upande wa picha. Tulikosea upande. Kwenye CD, mwanga wa kusomea hupita kwanza katika plastiki nene ya zaidi ya milimita 1. Mkwaruzo mdogo wa huko mara nyingi unasuguliwa ukatoka. Safu yenye data iko juu, chini kidogo tu ya maandishi, imefunikwa kwa rangi nyembamba kama ya kucha. Kalamu ya biki ukiikandamiza, au ile stika ukiibandua, umeondoka na harusi. (Katika DVD data iko katikati ya plastiki mbili, afadhali kidogo.)

CD ya kuchomwa si sawa na ile ya kiwandani. Ya kiwandani imepigwa mhuri wa vishimo. Ya kuchomwa ina rangi ya kikemikali iliyounguzwa na leza, na rangi hupauka, hasa juani. Nimesoma za 2003 bila tatizo na nimeshindwa na za 2012. Ubora wa rangi ndio ulioamua, na hukuwa na njia ya kuujua dukani. Ipo diski inayoitwa M-DISC, ambayo leza yake huchonga tabaka linalofanana na jiwe na ambayo wauzaji huitangazia miaka 1,000. Huenda. Lakini laptopu ya mwisho yenye mlango wa CD niliyoiuza, siikumbuki ni lini.

Hapo ndipo linapoingia swali la tatu, lile la mashine. Mwaka 1986 BBC iliandaa mradi wa kuadhimisha miaka 900 ya Domesday, ile sensa ya mashamba na mali iliyoandikwa Uingereza mwaka 1086. Watu wengi sana, wakiwemo watoto wa shule, walichangia picha, ramani na maelezo ya mitaa yao, vyote vikawekwa kwenye diski kubwa za leza. Baada ya miaka 15 hivi, mashine za kuzisoma zilikuwa karibu zimetoweka, wataalamu wakalazimika kuunda njia ya kuiga kompyuta za zamani ili kuziokoa. Kitabu cha 1086, cha ngozi na wino, bado kinasomeka kwa macho.

Siku ukipita barabara ya Moi, lile jengo la Hifadhi ya Kumbukumbu za Kitaifa, ambalo wengi wetu hulijua kama mahali pa kukutania tu, ndani yake mna karatasi zilizoandikwa kabla ya babu zetu kuona umeme. Kuzisoma kunahitaji dirisha. Faili yako ya 2004 inahitaji kebo inayofaa, kifaa kinachozunguka, mfumo unaoitambua na programu inayoielewa, vyote siku moja. Serikali ya Japani ilimaliza mwaka 2024 tu kuziondoa sheria zilizowataka watu wapeleke nyaraka kwa diski za flopi, na hata mimi fundi, ukinipa flopi leo, nitakuomba urudi kesho.

Mashirika makubwa bado yanategemea kanda za sumaku. Za aina ya LTO, zikitunzwa mahali pakavu na pa baridi, huahidiwa miaka 30. Februari 2011 hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail, Google ilizirudisha kutoka kwenye kanda. Ila mashine ya LTO husoma vizazi viwili tu vya kanda nyuma yake, au kimoja, au hata hakuna. Kanda itakuwepo miaka 30. Mashine yake utaitafuta kwa tochi.

"Si nitaweka tu kwa wingu?"

Weka. Wingu ni hadidiski na SSD za mtu mwingine, ambaye ana nakala kadhaa na wafanyakazi wanaobadilisha zilizokufa kila siku. Kwa upande wa vifaa, wanakushinda. Udhaifu wa wingu uko kwenye mkataba. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za kibinafsi zisizotumika kwa miaka 2. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo zilizopandishwa kwake kuanzia 2003 hadi 2015 zilipotea ilipohamisha seva.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine: laini ya simu. Akaunti nyingi hufunguliwa tena kwa namba ya siri inayotumwa kwa SMS. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine. Mzee akifariki, laini ikilala, picha zote za familia ziko salama kabisa kwenye seva, na hakuna mtu duniani anayeweza kuzifungua.

Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeueneza utaratibu wa 3-2-1: nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na nakala 1 iwe mahali pengine. Mimi naufuata kwa namna ya mtu mwenye mfuko mdogo. Nina hadidiski mbili za kampuni tofauti nilizozinunua miezi tofauti, kwa sababu za katoni moja hupenda kufa pamoja. Moja haikai kwenye umeme kamwe isipokuwa siku ya kunakili. Stima ikipotea ikarudi kwa kishindo, mlipuko huo hupitia waya hadi kwenye kila kilichochomekwa, na kirusi kinachofunga faili kwa kufuli ya malipo hufanya vivyo hivyo. Hiyo nyingine iko kwa dadangu Kitengela. Nakala ya tatu, ya vitu vichache tu, iko kwenye wingu.

Kila Januari nazisoma zote. Natumia programu inayotoa alama ya kila faili kwa hesabu ya SHA-256. Biti moja ikibadilika, alama yote hubadilika, nami najua ni nakala ipi iliyoharibika na ipi ya kuirejelea. Bila hatua hiyo utanakili uozo kwa uaminifu mwaka baada ya mwaka. Hadidiski ikifika miaka 5 naihamisha, hata ikiwa inaendesha vizuri. Hasa ikiwa inaendesha vizuri, maana kuhamisha kutoka kwa iliyougua ndiyo kazi inayonilipia kodi ya kibanda.

Flashi ya yule mama ilinichukua siku 4. Niliisoma sekta kwa sekta, yaani kijisehemu kimoja baada ya kingine, bila kuandika chochote juu yake, nikirudia zile zilizokataa. Maji yaliyo karibu na mstari wa alama husomeka leo juu, kesho chini. Ukirudia mara za kutosha, mengine yanatoka. Katika dakika 47 tulipata zote isipokuwa 4. Ni zile dakika ambapo mzee anainuka na kunyoosha fimbo kuelekea mtoni. Mama anakumbuka alitaja jiwe. Kakake, aliyekuja naye siku ya kuchukua kazi, anakumbuka mti wa mugumo. Tulitazama kipande hicho mara tatu, sisi watatu, tukisubiri fimbo ionekane inaelekea wapi.

Nikawawekea nakala mbili kwenye hadidiski mbili, moja ya mama na moja ya kakake, na ya tatu kwenye akaunti ya binti wa mama. Juu ya kila hadidiski nikabandika utepe wa karatasi, nikaandika kwa kalamu nene: HAMISHA 2030.

"Ina maana hiyo 2030 itakufa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ndiyo mwaka wa kuniletea."

"Na wewe utakuwa hapa?"

Nikaugeuza utepe, nikaandika namba yangu ya simu. Kisha nikafikiri kidogo, nikaandika chini yake ya binti yangu.